antiX kwenye kompyuta ya RAM GB 2: nyepesi kweli, ila Firefox huhitaji msaada

antiX, mfumo endeshi wa Linux uliojengwa juu ya Debian, inawaka haraka na IceWM yake (programu inayosimamia madirisha) haili memori. Mzigo uko kwenye kurasa za wavuti za siku hizi. Firefox ikitoweka ghafla bila ujumbe wowote, andika kwenye terminali:

sudo dmesg | grep -i "out of memory"

Ukiona "Killed process", kerneli (kiini cha mfumo) imekiua kivinjari kwa kukosa memori. Kukisakinisha upya ni kupoteza bando bure. Tengeneza faili la swapu, yaani nafasi ya diski inayosaidia RAM ikijaa:

sudo fallocate -l 2G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile

Kwenye faili /etc/fstab ongeza mstari "/swapfile none swap sw 0 0", la sivyo ukiwasha kompyuta tena swapu haitafanya kazi. Vichupo vikizidi, andika about:unloads kwenye upau wa anwani wa Firefox; ukurasa huo huvilaza kimoja kimoja. Kwa kuandika na barua pepe, kompyuta hii yenye antiX inafaa sana. Kwa mikutano ya video, ongeza RAM ifike GB 4.