Supakaa za Zamani Kama Uwekezaji: Uchambuzi Kutoka Mtwara

Wadau, karibuni. Leo mezani hakuna simu wala spika. Bidhaa ninayoichambua haipo hapa Mtwara, na sidhani kama mimi na wewe tutaiona ikishushwa bandarini kwetu. Ni supakaa za zamani, yaani magari ya kasi kubwa na bei kubwa. Mmenitumia sana lile tangazo linalozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, la kununua kipande cha Ferrari, yaani hisa, halafu ukae unasubiri thamani ya kipande inenepe. Haya, tulifungue.

Kwanza bei, maana ndizo zinazowapagawisha watu. Mwaka 2022 Mercedes-Benz 300 SLR ya mwaka 1955, ile wanayoiita Uhlenhaut Coupé, iliuzwa kwa euro milioni 135. Zilitengenezwa mbili tu duniani. Ferrari 250 GTO zilitengenezwa 36 kati ya mwaka 1962 na 1964, na mpya ilikuwa inauzwa Marekani kwa dola 18,000 hivi. Novemba 2023 moja ikapigwa mnada New York: dola milioni 51.7.

Subiri kidogo hapo kwenye milioni 51.7. Nyundo ya dalali iligonga kwenye milioni 47. Hizo nyingine, zaidi ya milioni 4.7, ni ada ya kampuni ya mnada anayolipa mnunuzi juu ya bei. Magazeti yanaandika ile kubwa, na muuzaji hiyo kubwa haioni.

Sasa, kinachouzwa pale ni nini hasa? Sisi watu wa korosho tutaelewana haraka. Ghalani gunia halinunuliwi kwa kutazamwa kwa nje. Sampuli inatolewa, korosho inakatwa, wanaangalia ndani kuna nini, na hapo ndipo daraja linapopatikana. Na supakaa ni hivyo hivyo. Rangi nyekundu inayong'aa haimtishi mnunuzi mzoefu. Anainama na tochi kutafuta namba ya chasi, anatafuta namba ya injini, analinganisha na kumbukumbu za kiwandani. Injini ni ile ile iliyotoka nayo? Giaboksi je? Nani alilimiliki, lini, na risiti za gereji ziko wapi? Magari mawili ya aina moja, mwaka mmoja, rangi moja, yanaweza kupishana bei vibaya sana kwa sababu moja ina faili lililonyooka na nyingine iligonga, ikapigwa bodi, na mtu akanyamaza. Kwa hiyo mimi nasema unanunua faili, na gari linakuja nalo.

Kuna McLaren F1 iliyouzwa Pebble Beach, Marekani, mwaka 2021 kwa zaidi ya dola milioni 20. Ilikuwa imetembea kilomita 390 hivi tangu itoke kiwandani miaka ya 1990. Yaani ukitoka nayo hapa, Dar hujafika! Gari lina injini ya V12 kutoka BMW, dereva anakaa katikati, boneti la injini limetandikwa dhahabu ndani kuzuia joto, halafu haliendeshwi. Mimi roho inaniuma, lakini soko linalipia hicho hicho.

Na msidhani likilala halili. Ferrari F40 nyingi matangi yake ya mafuta ni mifuko ya mpira ndani; hiyo inatakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka kumi hivi, utembee usitembee. Weka bima, weka banda lisilo na unyevu, weka fundi. Nyumba ya kupangisha pale Ligula inakuletea kodi. Supakaa haileti senti mpaka siku umepata mnunuzi.

Na siku hiyo inaweza kukukuta soko limelala. Enzo Ferrari, mwanzilishi wa Ferrari, alifariki Agosti 1988, bei za magari yake zikaruka kama kichaa, watu wakakopa ili wanunue. Kuingia miaka ya 1990 zikaporomoka. Aliyenunua kileleni alikaa nalo sana.

Kuna aliyeniuliza kuhusu kuingiza moja nchini. Piga hesabu: kwa kila shilingi 100 ya gari, bima na nauli ya meli, weka forodha asilimia 25; juu ya jumla hiyo weka ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2,000 na uchakavu asilimia 30 kwa gari la zaidi ya miaka kumi, halafu VAT asilimia 18 juu ya vyote. Ushuru wote unafika kama 106. Umeipita gari yenyewe. Na F40 zilitoka kiwandani na usukani kushoto.

Turudi kwenye vipande. Kumiliki gari kwa hisa kupo kweli, Marekani zipo kampuni zinazofanya hivyo chini ya mamlaka yao ya mitaji. Lakini huyo wa kwenye grupu mwulize namba ya chasi. Mwulize gari limelala wapi, limekatiwa bima kwa jina la nani, nani anaamua siku ya kuliuza, na wewe ukitaka kutoka kabla ya hapo unamuuzia nani kipande chako. Akikujibu kwa picha ya gari na emoji za moto, hela yako iache kwenye simu. Alama zangu kwa bidhaa hii, kwa mtu wa kipato chetu: mbili kwa kumi, na hizo mbili ni za uzuri wa gari.

La mwisho, kijana wa Mikindani aliyeniuliza kuhusu Land Rover ya marehemu babu yake. Hiyo si supakaa, lakini Land Rover za zamani zina watu wanaozitafuta. Usikubali fundi akutolee injini yake akuwekee ya Toyota kwanza, na usipige rangi mpya juu ya kutu. Kadi ya gari itafute hata chini ya godoro la bibi. Halafu nitumie picha ya kibao cha chasi, ile ya wewe umeegemea boneti nimeshaiona.