Nililipia uchunguzi wa fowili kabla ya kununua kifaa kingine: uzoefu wangu

Gari langu lina zaidi ya miaka 20, na ni fowili ya muda wote: magurudumu manne yanavuta saa zote, hakuna gia ya kuweka wala kutoa. Kwa miezi kadhaa lilikuwa na tabia iliyoninyima raha. Nikishatembea nusu saa hivi, nikakata kona ya kuingia maegesho, usukani umefika mwisho na mguu nimeutoa kwenye mafuta, gari linasimama lenyewe. Sisemi linapunguza mwendo. Linasimama, kama kuna mtu amevuta handibreki. Nikirudi nyuma tairi zinalia kwenye lami, chini ya sakafu inasikika ngo! moja nzito, ndipo linalegea.

Gereji ya kwanza walibadilisha pampu ya pawa stelingi. Halafu sivi jointi, yaani viungio vya ekseli, zote mbili za mbele. Kila mara nimelipa kifaa na ufundi, na kila mara nimerudi maegeshoni gari likanigomea vilevile. Ndipo nikatafuta fundi anayeshughulika na difu (kifaa kinachoruhusu magurudumu kuzunguka kwa kasi tofauti) na transfa (kasha linalogawa nguvu ya injini mbele na nyuma) tu, nikamwambia asibadilishe kitu. Anionyeshe ugonjwa ulipo, nami nitamlipa kwa kazi hiyo.

Alianza kwa maswali, na nusu saa nzima hakugusa spana. Linakaza likiwa baridi au likishapata moto? Kwenye kona tu, au hata njia iliyonyooka? Kwenye barabara ya vumbi je? Nikamjibu kwenye vumbi silisikii kabisa. Akataka pia kuhakikisha si fowili ile ya kuweka kwa mkono, maana kwa gari la namna hiyo kukaza kwenye lami kavu wala si ugonjwa. Transfa inakuwa imezifunga propela mbili, yaani vyuma virefu vinavyopeleka nguvu mbele na nyuma, zizunguke sawasawa, wakati kwenye kona magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope tairi inateleza kidogo na tofauti hiyo inaisha. Kwenye lami haina pa kwenda, inabaki imejikunja ndani ya propela. Dawa yake ni kurudi 2H, yaani yavute magurudumu mawili tu, na gia ikigoma kutoka, unarudi nyuma mita chache usukani ukiwa umenyooka. Gari langu lina difu ya kati, na kazi ya difu hiyo ni kuruhusu tofauti hiyo hiyo. Kwa hiyo halikupaswa kukaza hata kidogo.

Tukaliendesha mpaka likapata moto. Tuliporudi akapitisha mkono karibu na kila gurudumu: joto moja kote, hakuna breki iliyokamata. Kisha akapima meno ya tairi. Za mbele milimita 8, za nyuma 3. Kweli, nilikuwa nimenunua mbili mpya, kwa sababu za mbele zilikuwa zimeisha mapema. Ukubwa ulioandikwa ubavuni ni uleule kwa zote nne, ndiyo maana sikuwahi kulifikiria. Akanipigia hesabu kwenye kipande cha boksi: milimita 5 za nusu kipenyo ni kama milimita 31 kwa kila mzunguko, na tairi yangu inazunguka karibu mara 455 kwa kilomita. Kwa hesabu ya karatasi, hiyo ni tofauti ya mita 14 hivi kila kilomita, hata njia ikiwa imenyooka.

Lakini difu ya kati nzima ingeimeza tofauti hiyo. Pale pale kwenye difu, kwa gari langu, kuna kaplingi ya viskasi: kopo la chuma lililofungwa, ndani lina sahani nyingi nyembamba kwenye mafuta mazito ya silikoni. Inatakiwa ikaze pale tu upande mmoja unapoteleza. Ikizeeka, inaweza kukamata moja kwa moja.

Akaweka magogo ya kuzuia tairi, handibreki juu, gia nyutro, akainua gurudumu moja la mbele kwa jeki na kufunga bomba la karibu mita moja kwenye nati. Akaning'iniza uzito mwishoni. Kaplingi nzima inaachia polepole, unaliona bomba likishuka. Letu lilibaki juu kama limechomelewa.

Kipimo cha pili ndicho kilichomaliza ubishi. Alifungua propela ya mbele, akaniambia nipande niondoke taratibu hapo uwanjani. Kwa difu iliyo huru, nguvu ingekimbilia upande usio na propela na gari lingejikongoja tu. La kwangu liliondoka kwa nguvu kama halikupungukiwa na kitu. Nilishuka nikiwa na uhakika ambao sikuwahi kuupata kwa miezi yote ile.

Nilibadilisha kaplingi na tairi zote nne, aina moja. Mafuta ya transfa yalitoka meusi, yana chembe za chuma zinazometa. Siku ya kwanza nilienda maegesho yale yale, nikakata usukani mpaka mwisho, nikatoa mguu. Gari likaendelea kuviringika lenyewe hadi kwenye ukuta, nikalazimika kushika breki.

Nina malalamiko mawili. Kazi ilichukua siku mbili wakati niliahidiwa moja, na vipimo vyote nilivipata kwa mdomo. Mtu anayelipia uchunguzi anastahili karatasi. Ada ya uchunguzi wanatoza hata usipotengeneza kwao, na kwa hilo siwalaumu, kwani ndiyo kazi niliyoiomba. Wakati wa kuondoka fundi aliniambia nizungushe tairi mbele na nyuma kila kilomita 10,000 na nisinunue mbili tena. Kipimo cha meno ya tairi sasa kinakaa kwenye droo ya dashibodi, na kila nikijaza upepo napima zote nne.