Uzoefu wangu: ziara ya siku moja Epidaurus, Ugiriki

Nilikwenda kwa basi la watalii kutoka Athens, bei ikiwa pamoja na mwongozaji. Huyo mama ndiye aliyenifanya niandike haya, maana historia ya ukumbi huu wa tamthilia anaijua kwelikweli.

Alianza na wagonjwa. Epidaurus palikuwa patakatifu pa Asklepios, mungu wa tiba. Watu walisafiri kutoka mbali, wakalala katika jengo maalumu wakingoja mungu awatokee ndotoni. Ukumbi ulijengwa hapo mwishoni mwa karne ya 4 KK, kwa sababu muziki na tamthilia vilikuwa sehemu ya sherehe zake. Nilipolijua hilo, niliutazama kwa jicho jingine kabisa.

Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, aliandika kwamba kumbi za Kirumi ziliushinda kwa mapambo, lakini kwa uzuri na ulinganifu hakuna wa kushindana na Polykleitos aliyeujenga. Nakubaliana naye. Safu za chini ni 34. Juu ya njia pana inayokata katikati kuna nyingine 21, zilizoongezwa baadaye. Wanaenea watu zaidi ya 12,000. Ulifunikwa na udongo kwa karne nyingi hadi wachimbaji wakiongozwa na Panagiotis Kavvadias walipoanza kazi mwaka 1881, na nadhani udongo huo ndio uliouokoa.

Kuhusu sauti, msiamini kila mnachosimuliwa. Mwongozaji alichana karatasi katikati ya uwanja wa duara. Mimi nilikuwa safu za juu kabisa: nilisikia kitu, ila nisingejua ni karatasi. Vipimo vya watafiti wa Uholanzi vilivyotangazwa mwaka 2017 vinasema hivyohivyo, na kwamba mnong'ono unaeleweka kwa walio mbele tu. Mtu akipaza sauti kama mwigizaji, hapo utastaajabu.

Lawama yangu ni kwa kampuni ya ziara. Basi lilikaa kwenye duka la vyungu muda mrefu, kisha tukaharakishwa kwenye jumba la makumbusho, penye mawe yaliyochongwa habari za waliopona. Mawe hayo yanastahili saa nzima! Mkiwa wawili watatu, kodini gari na mtafute mwongozaji wenu. Fikeni asubuhi mapema, mbebe maji na kofia, kwa kuwa vitini hakuna kivuli. Wakati wa kiangazi tamthilia za kale bado huigizwa hapo usiku. Tiketi yake hununuliwa kivyake.