Tangi la samaki ndani ya ukuta: uzoefu wangu na plaiwudi na faiba, Malindi

Kwa tangi linalozidi lita 500 simshauri mtu aunganishe vioo vitano. Sanduku la plaiwudi lililovikwa faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini, yaani utomvu wa kiwandani), lenye kioo upande wa mbele tu, linafaa zaidi, na ndilo lililomo ukutani kwangu. Mtazamaji aliye sebuleni haoni pande nyingine, kwa hiyo kuziwekea kioo kinene ni kutupa pesa. Tena kwetu pwani faiba ina wenyewe: fundi anayeziba mashua anajua kazi hii kuliko fundi wa vioo.

Vipimo vyangu kwa ndani ni sentimita 240 kwa 70, kimo 70, maji yanasimama 60. Hizo ni lita 1,008, yaani tani moja kabla ya mawe na mchanga. Ukuta wa matumbawe usibebe hata kilo moja ya mzigo huo. Jenga kuta fupi za mawe kutoka sakafu ya chini kabisa, moja kila sentimita 60, kisha mimina juu yake zege la sentimita 10 lenye nondo. Meza ya chuma siipendi kabisa, hewa ya chumvi huitafuna kwenye maungio ambako huoni. Juu ya tundu la ukuta weka linta (boriti ya kubeba mawe ya juu) inayoingia ukutani angalau sentimita 20 kila upande, na uache nafasi ndogo ili tangi lisigusane na mawe. Wenye nyumba za kale za Lamu wasitoboe kiholela: Mji wa Kale ni urithi wa dunia tangu 2001, na kuta zile zina ulinzi wake.

Plaiwudi iwe ile ya baharini, milimita 18, gundi na skrubu zisizoshika kutu kila sentimita 15. Maji yataisukuma mbele yote kwa nguvu ya kilo 430 hivi, kwa hiyo sanduku linataka mataruma, yaani mbavu za mbao, kwa nje kama chombo, na mbao tatu za kukatiza juu. Bila hizo, ukingo wa juu hubinuka na silikoni ndiyo inayolipa.

Sasa faiba. Nilitumia mkeka wa faiba wa gramu 450 kwa mita ya mraba, tabaka mbili. Eneo la ndani ni kama mita 5 za mraba, basi ni kilo 4.5 za mkeka na kilo 11 hadi 12 za resini. Kabla ya mkeka, jaza pembe zote kwa resini iliyokorogwa na unga wa talki mpaka ziwe mviringo, kwa sababu mkeka haukunjiki kwenye pembe kali; huacha hewa chini yake, na hapo ndipo maji hupenya baadaye. Kwa joto letu hadena (dawa ya kugandisha resini) ni asilimia 1, gramu 10 kwa kilo ya resini. Ukiweka 2, itachemka na kuganda ndooni kabla hujafika upande wa pili. Koroga kilo moja moja. Kazi ifanywe wakati wa kaskazi, Januari au Februari, mbao zikiwa kavu. Wakati wa masika plaiwudi hunyonya unyevu, resini inageuka nyeupe kama maziwa na baadaye inabanduka. Koti la mwisho liwe na nta, la sivyo uso hubaki unanata. Vaa kinga ya pua na glavu. Jaza maji na kuyamwaga mara kadhaa mpaka ile harufu kali iishe kabisa. Samaki wasiingie kabla ya hapo.

Kioo ni milimita 15, sentimita 200 kwa 55, uzito kilo 41. Dirisha ni 190 kwa 45, basi kinalalia fremu sentimita 5 kila upande. Kinawekwa kwa ndani, ili maji yenyewe yakikandamize kwenye silikoni. Lilaze tangi kifudifudi, futa kwa asetoni, panga vipande vya plastiki vya milimita 3 ili uzito usiikamue silikoni yote, kisha watu wanne washushe kioo mara moja. Silikoni iwe ile inayonuka siki, isiyo na dawa ya ukungu, maana dawa hiyo huua samaki. Tyubu tano za mililita 300 zinatosha. Hapa kwetu hewa ina unyevu mwingi na silikoni hushika ngozi upesi sana, kwa hiyo watu wawili wapige kwa pamoja, kila mmoja na bunduki yake. Halafu subiri wiki tatu. Silikoni hukauka kwa unyevu unaoingia pembeni tu, na katikati ya ule upana wa sentimita 5 huchelewa mno. Ikivuja, usipake mpya juu ya ya zamani, hazishikani, kwangua yote.

Kasoro kubwa ya mtindo huu ni kwamba uvujaji mdogo huingia kwenye mbao kimyakimya. Kwa hiyo acha sehemu ya chini wazi, uweze kupapasa kwa mkono kila wiki.

Chini yake kuna tangi la kichujio: maji hushukia humo kupitia ukingo wa kumwagia ulio juu ya tangi kubwa, na pampu huyarudisha. Lina lita 200, nalijaza 120. Stima ikikatika, maji yote yaliyo juu ya ukingo wa kumwagia yanashuka, na kila sentimita ya tangi kubwa ni lita 17 karibu. Sentimita 3 ni lita 50, bado zilizo kwenye mabomba. Toboa tundu dogo kwenye bomba la kurudisha, chini kidogo ya uso wa maji, lisije likanyonya tangi zima hadi sakafuni. Pampu ya hewa ya betri ni ya lazima, kwa sababu maji ya joto hubeba oksijeni kidogo.

Hita haihitajiki. Maji ya bomba yaache wazi siku mbili klorini itoke. Ya kisima yapime chumvi kwanza. Mawe ya matumbawe huongeza ugumu wa maji, basi weka samaki wa Ziwa Malawi, wanaoyapenda. Wa baharini waacheni: hifadhi ya bahari ya Malindi ipo tangu 1968, na kuvua humo ni marufuku. Tangi lizungushe maji wiki nne hadi sita bila samaki, ukitia amonia kidogo ili bakteria wanaosafisha maji wazaliane, mpaka amonia na nitriti (sumu zitokanazo na uchafu wa samaki) zisome sifuri.

Nyuma acha chumba cha kusimama mtu, na juu ya tangi sentimita 50 za kupitisha mkono na ndoo. Tia feni ya kutoa hewa nje, kwani mvuke wa tangi hili hulowesha dari na kubandua chokaa.