Usiku mmoja Shirakawa-go: moshi, theluji na miso juu ya jani

Nilikwenda Shirakawa-go, vijiji vya milimani huko Japani, Februari, kwa basi kutoka mji wa Takayama. Ni dakika 50 hivi, nyingi ndani ya mahandaki, na ukitokeza upande wa pili theluji kando ya barabara imenipita kimo.

Nililala kijiji cha Ogimachi, kwenye nyumba ya wageni ya familia. Ni zile nyumba za gassho-zukuri zilizoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1995: paa nene la nyasi, limesimama kama viganja vya mtu anayesali ili theluji isikae. Mbao za paa zimefungwa kwa kamba na fito, msumari huuoni. Huko darini zamani walifuga viwavi wa hariri.

Katikati ya sakafu kuna irori, shimo la moto. Moshi wake hukausha nyasi na kufukuza wadudu. Mama mwenye nyumba alipoeleza hivyo nilicheka, maana bibi yangu wa kule Usangi, Upareni, ndivyo alivyolitetea jiko lake la kuni. Hata kuezeka wanaezeka kwa yui, kijiji kizima kinapanda paani. Kwetu ungesema msaragambo.

Sasa chakula. Jani kavu la manolia linawekwa juu ya jiko dogo la mkaa, juu yake miso (rojo la soya lililochachushwa), uyoga na vitunguu majani. Miso ikianza kutokota, kingo za jani zinaungua na kutoa harufu ambayo sijui niifananishe na nini. Unachota kidogo kwa vijiti, unaweka kwenye wali wa moto. Niliongeza wali mara tatu bila aibu. Samaki wa mtoni, amechomwa mzima kwa chumvi tu, nilimla mpaka kichwa. Nyama ya ng'ombe wa Hida, eneo hilohilo, ni tamu kweli, ila vilikuwa vipande vitatu. Nilivihesabu.

Kasoro zipo. Vyumba vimetengwa kwa milango ya karatasi, kwa hiyo jirani akikoroma mnakoroma wote. Hita ya mafuta ya taa huzimwa usiku kwa kuogopa moto. Na choo kiko mwisho wa ukumbi usio na joto lolote. Saa nane za usiku nilisimama mlangoni nikijiuliza kama kweli nimebanwa.

Ukienda, beba pesa taslimu na soksi nzito, na uwahi: chakula cha jioni ni saa kumi na mbili kamili, hawasubiri mtu. Nawapa nyota nne. Ya tano imeganda kule ukumbini.