Daftari au simu kwa data za majaribio ya maharage?

Ubishi huu hauishi kwa watafiti wa kilimo Arusha. Kwa gharama daftari linashinda. Halihitaji chaji, na penseli haichuruziki mvua ya masika ikikukuta shambani. ODK ni programu ya bure ya fomu za simu, hujazwa hata pasipo mtandao, ila simu utainunua.

Kwenye kushirikishana, daftari linaanguka vibaya. Aina ileile ya maharage, mmoja kaandika "Lyamungo 90", mwingine "Ly90", wa tatu "lymg" (na mwandiko wa daktari!). Fomu ya simu hukulazimisha uchague jina moja na kipimo kimoja: kilo kwa hekta, si debe. Lakini fomu ikitungwa vibaya, kosa linaenea vitalu vyote.

Una vitalu kumi tu? Daftari linatosha, mradi ulipige picha kila jioni. Mnagawana data na wenzenu wa Moshi? Simu.