Chuo cha ufundi magari: kabla hujalipa ada, waambie wawashe injini

Mwaka jana mwezi wa sita mdogo wangu wa mwisho alirudi nyumbani likizo. Alikuwa amemaliza mwaka mzima wa stashahada ya ufundi magari katika chuo binafsi hapa Dar es Salaam, na ada nililipa mimi, awamu kwa awamu. Wiki hiyohiyo Toyota IST yangu ikaanza kumisi. Ukikanyaga mafuta inatetemeka, taa ya injini inawaka na kuzima. Nikamwambia kwa furaha kabisa, haya fundi, kazi hiyo hapo. Akafungua boneti, akasimama. Kisha akasema taratibu, "Dada, sisi injini zetu za chuoni huwa haziwaki."

Kumbe karakana yao ina injini mbili juu ya stendi, zimepakwa rangi vizuri, na mwaka mzima wamezifungua na kuzifunga. Pistoni anazijua, ringi anazijua, valvu anakuchorea zote. Ila injini inayoumwa hajawahi kuisikia.

Nikamwita fundi wa mtaani kwetu, wa chini ya mwembe. Akachomeka kimashine chake chini ya usukani, kikasoma P0303, yaani silinda ya tatu haichomi. Hakukimbilia kuniuzia koili, kile kifaa kinachopeleka umeme kwenye plagi. Alichomoa koili ya tatu akaihamishia silinda ya pili, ya pili akaileta ya tatu, akafuta kosa kwenye kumbukumbu, akawasha, akapima tena. Ikasoma P0302. Kosa limehama na koili, basi mgonjwa ni koili. Haikuchukua hata robo saa, na mdogo wangu aliinama pale pembeni muda wote, hasemi neno.

Kwa hiyo mambo ya usajili wa NACTVET, lile baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, sifa za kujiunga na hosteli sitayagusa. Yamo kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili na kila mzazi anayasoma. Swali langu ni moja: karakanani kuna gari linalowaka?

Injini iliyokufa inamfundisha mtoto kufungua bolti, lakini kutafuta ugonjwa haimfundishi. VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, inafanya kazi kwa presha ya oili, na presha haipo injini ikiwa imelala. Sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi kwenye ekzozi, haikuambii lolote mpaka injini iwake na yenyewe ipate moto. Magari yatakayomletea riziki, hizi IST, Vitz, Passo na Noah zilizojaa barabarani, yote yana kompyuta, na kompyuta ya gari huisomi vizuri injini ikiwa haizunguki. Atamaliza miaka mitatu, ngazi ya nne mpaka ya sita ambayo ndiyo stashahada, halafu aje ashindwe na kijana wa chini ya mwembe.

Ukitembelea chuo, angalia betri kwanza. Injini isiyo na betri hiyo ni sanamu. Angalia sakafu: karakana inayofanya kazi ina madoa ya oili na inanuka petroli. Ya kwetu ilikuwa inang'aa vigae, na mimi nikaona ni usafi! Kisha uliza mashine ya kupimia magari iko wapi. Ukiambiwa iko ofisini kwa mkuu wa idara, kabatini, na ufunguo anao yeye, umeshajibiwa. Majibu yenye uhakika zaidi utayapata kwa wanafunzi wa mwaka wa pili pale kantini.

Chaguo langu la kwanza ni Chuo cha Ufundi Arusha, na sifichi kwamba nakipendelea. Kilianzishwa 1978 kwa ushirikiano na Wajerumani, lakini mimi kilichonivuta ni kwamba mbali na ufundi magari wa kawaida kina stashahada ya umeme na elektroniki za magari inayojitegemea. Koili yangu ile ilikuwa kazi ya umeme, na mengi yanayosumbua magari ya sasa ni ya umeme vilevile. Halafu kuna mji wenyewe. Arusha imejaa gereji za magari ya watalii, Land Cruiser zinazorudi kutoka Serengeti zimekongoroka kwa vumbi na mashimo. Mwanafunzi akienda fildi, yaani mafunzo ya kazini, kwenye gereji kama hizo hakai bila kazi.

Cha pili ni Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, cha tangu 1975. Kina kituo cha ukaguzi wa magari, maana yake magari ya watu yanaingia getini yakitembea yenyewe. Cha tatu DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Stashahada yao ni ya uhandisi mitambo kwa upana, kwa hiyo magari ni sehemu tu, ila wana karakana ya kufunga mfumo wa gesi asilia kwenye magari, na hapa Dar kila siku bajaji na teksi zinahamia kwenye gesi. Ndugu zetu wa Zanzibar wana Taasisi ya Karume pale Mbweni.

VETA, vile vyuo vya serikali vya ufundi stadi, ni bei nafuu na inatoa mafundi wazuri, ila cheti chake ni cha ufundi stadi, siyo stashahada. Kama stashahada ndiyo unayoitafuta, hiyo ni njia ndefu.

Sasa hawa wenye vyuo binafsi. Ada iliyo kwenye kipeperushi siyo ada. Kuna pesa ya fomu, ya kitambulisho, ya ovaroli mbili, ya tahadhari ukiharibu kitu, ya mtihani, na ya fildi ambayo mtoto anajitafutia mwenyewe! Kilichoniuma zaidi ni boksi la spana. Lazima ununue kwao, ukija na la kwako halipokelewi. Nilikwenda maduka ya mtaa wa Gerezani, Kariakoo, na picha ya lile boksi kwenye simu, nikalikuta lilelile, rangi ileile, kwa nusu ya bei. Nilipowauliza, mhasibu akaniambia la kwao lina nembo ya chuo. Nembo ni stika. Na lile boksi lilifungua injini zisizowaka mwaka mzima.

Mdogo wangu ameanza upya Arusha, ngazi ya nne, mwaka mmoja umeenda na maji pamoja na hela yangu. Safari hii nilipanda basi naye. Ukienda na wewe, nenda siku ya kazi asubuhi, usisubiri mahafali wala siku ya maonyesho. Simama mlangoni mwa karakana, mwambie mwalimu shikamoo, halafu umwombe awashe.